Mtemi Mirambo na Vijana Wake

Watu wa Mollo, karibu na Sumbawanga, wamezoea kuwaona wafungwa wakienda shambani asubuhi, jembe begani na askari nyuma yao. Maana huko lipo gereza la kilimo. Siku moja tulipokuwa huko, mama mmoja mzee aliyekuwa akipukuchua mahindi mlangoni pake aliwatazama wakipita, kisha akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Aliuliza kama kijana aliyekwisha kuonja kuumiza watu, na akaona utamu wake, aweza kweli kuwa mtu mwema, au kama huzeeka tu, akaishiwa nguvu za kuendelea. Tulimjibu kwa maneno yale ambayo watu wa magazeti huyatoa upesi, naye akatushukuru kwa adabu. Lakini twadhani hakuridhika. Sisi wenyewe hatukuridhika.

Basi tumeona yafaa tumrudie mama yule kwa habari za maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana na kila mtoto wa shule katika Tanzania. Mtu huyo ni Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884. Mjini Dar es Salaam upo mtaa wenye jina lake, na huko Tabora wanajeshi wanayo kambi iitwayo Mirambo. Watu humsifu kwa ushujaa, na kweli alikuwa shujaa. Walakini sisi hatutaki kusimulia vita vyake vyote. Twataka kutazama jambo moja tu: alikuwaje alipokuwa kijana, akawaje alipokuwa mtu mzima, na katikati ya hayo mawili ni nini kilichogeuka na ni nini kilichobaki vile vile.

Habari hizi zaanzia hapa kwetu Ufipa, ingawa si wengi wanaolikumbuka jambo hilo. Mwezi wa Novemba, mwaka 1835, siku ile jua lilipopatwa, Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi wakielekea kaskazini. Walikuwa wametoka mbali, kule Afrika ya Kusini, wakikimbia vita, nao wakawa ni vita vinavyotembea. Walifika katika nchi yetu, na katika miaka ya 1840 mzee wao Zwangendaba akafa papa hapa Ufipa, mahali paitwapo Mapupo. Alipokufa, wanawe na jamaa zake walishindana juu ya urithi, na taifa likagawanyika. Wengine walirudi kusini, wengine walikwenda upande wa mashariki. Kundi moja, lile lililojulikana baadaye kwa jina la Watuta, lilishika njia ya kaskazini, likapita kandokando ya Ziwa Tanganyika hata likafika Unyamwezi.

Yatupasa tuieleze desturi moja ya watu hao, kwa kuwa bila hiyo hayaeleweki yanayofuata. Wangoni walipoteka kijiji, hawakuwaua wavulana wote wala hawakuwauza wote. Waliwatwaa, wakawapa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea, wakawatia katika kikosi cha vijana wa rika lao, wakawafundisha lugha yao na nyimbo zao. Baada ya miaka michache mtoto yule aliyeona baba yake akiuawa alikuwa Mngoni kuliko Wangoni wenyewe. Ndivyo taifa lao lilivyoongezeka njiani, wala halikupungua. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho yao, na pengine katika vikosi vilivyotoka Mapupo kwenda kaskazini walikuwamo wavulana wa Kifipa pia.

Sasa tugeukie Unyamwezi. Upande wa magharibi wa Tabora palikuwa na nchi ndogo iitwayo Uyowa. Yapata mwaka 1840 mtemi wa nchi hiyo, jina lake Kasanda, alipata mwana akaitwa Mbula Mtelya. Nchi ya Uyowa ilikuwa ndogo mno, na mtoto wa mtemi wa nchi ndogo hana anasa nyingi. Yasimuliwa kwamba alipokuwa angali mdogo alitekwa na Watuta, akakaa kwao, akajifunza vita vyao. Hata wale wasioikubali habari ya kutekwa wakubali kwamba mbinu za vita alizipata kwa watu hao. Alitawala Uyowa baada ya baba yake, yapata mwaka 1860, akiwa hajazidi umri wa miaka ishirini au zaidi kidogo. Hapo ndipo alipojulikana kwa jina la Mirambo, ambalo maana yake ni maiti. Hebu tufikiri, wazazi, juu ya kijana apewaye jina kama hilo na akalikubali.

Kijana huyo alikuwa na haja ya jeshi, lakini watu hakuwa nao. Siku zile Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa biashara ya pembe za ndovu, na kila mwaka maelfu ya wanaume walishuka pwani na mizigo, wakapanda tena na nguo, shanga na bunduki. Vijiji vilibaki na wazee, wanawake na watoto. Vita na biashara ya watumwa vilikuwa vimewatupa njiani watu wasio na kwao: watumwa waliotoroka, wapagazi waliokimbia safari zao, wavulana ambao vijiji vyao vilikwisha kuchomwa. Watemi wengine waliwaona watu hao kuwa ni takataka. Mirambo aliwaona kuwa ni jeshi. Aliwakusanya, akawapa magobori na chakula, akawaahidi sehemu ya nyara. Nao waliitwa rugaruga.

Wasafiri waliowaona waliandika mambo ya kutisha juu yao. Walivaa nguo nyekundu na manyoya ya ndege kichwani, walivuta bangi kabla ya vita, na wengine walijipamba kwa nywele na meno ya watu waliowaua. Hawakuwa na wake, hawakulima, hawakuwa na mzee wa kuwakemea. Walijigamba kwa ukatili wao kama kijana wa siku hizi ajigambavyo kwa viatu vipya. Sisi hatuoni haja ya kuyaeleza yote katika gazeti lisomwalo mezani penye watoto. Yatosha kusema kwamba kijiji kilipoona moshi alfajiri, watu hawakuuliza ni akina nani.

Lakini twaomba msomaji asiwahukumu upesi mno. Kijana wa rugaruga hakuzaliwa na jino la mtu shingoni. Mtu mmoja alimtwaa katika njaa, akampa bunduki, akampa wenziwe, akampa jina. Na kwa mara ya kwanza tangu kijiji chake kichomwe, akajiona kuwa ni mtu. Mirambo alilijua jambo hilo kuliko wote, kwa sababu, kama wasemavyo wasimulizi, yeye mwenyewe aliwahi kutwaliwa hivyo hivyo.

Kwa jeshi hilo alizishika nchi za jirani moja baada ya nyingine, na katika mwaka 1871 alipambana na Waarabu wa Tabora. Shauri lilikuwa juu ya njia ya Ujiji na hongo ya misafara. Mwezi wa Agosti Waarabu walitoka na jeshi la watu zaidi ya elfu mbili, na pamoja nao alikuwapo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Walianza kwa ushindi, wakaiteka ngome ya Zimbizo. Kisha kikosi chao kimoja, kikirudi kutoka Wilyankulu na mzigo wa pembe, kiliviziwa katika nyasi ndefu na kuangamizwa. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma moto sehemu ya mji na kumwua mmoja wa wakuu wake, Khamis bin Abdallah. Stanley alijifungia Kwihara akingojea zamu yake, nayo haikuja. Mwishowe akashika njia ya kuzungukia kusini hata akafika Ujiji. Vita viliendelea miaka minne hivi. Hata askari waliotumwa na Sultani Barghash kutoka Unguja hawakufua dafu.

Miaka mitano ikapita. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo ana kwa ana katika kijiji cha Serombo. Alitazamia kuona jambazi. Akaona mtu mrefu, wa umri wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye sauti ya upole, macho yasiyo na vitisho na adabu nyingi, akizungumza polepole kama mzee wa baraza. Stanley alistaajabu mno, akaandika hivyo bila kuficha. Wakachanjana, wakawa ndugu wa damu, watu wale wale waliopigana miaka mitano kabla. Wakati huo amani na Waarabu wa Tabora ilikuwa imekwisha kupatikana.

Kama tungeishia hapo, tungekuwa na hadithi nzuri ya kumpelekea mama wa Mollo: kijana mkatili amekua, ametulia, amekuwa mtu wa heshima. Lakini katika mazungumzo hayo hayo ya Serombo kulikuwa na jambo jingine, na sisi kila tulisomapo hatuwezi kulipita haraka.

Stanley aliona kwamba wengi waliomfuata mtemi walikuwa wavulana, akauliza kama watoto wale nao huenda vitani. Mirambo alieleza bila kusita kwamba yeye hupenda wavulana kuliko watu wazima. Macho yao ni makali zaidi, viungo vyao ni vyepesi, huteleza kama nyoka na kukimbia kama punda milia, na maneno machache yatosha kuwapa moyo wa simba. Watu wazima wafaa kulinda boma; uwanjani heri vijana ambao ndevu hazijaota. Alisema ndio waliomshindia Waarabu. Na kwa kuonyesha jinsi wanavyotii, alitoa mfano. Siku moja adui walitupa kitambaa chekundu mbele ya boma ili kumchokoza. Mirambo alisema kwamba hana budi kukipata kitambaa kile. Vijana wake walikwenda kukichukua. Kumi na watano kati yao wakafa siku ile.

Aliyasimulia hayo kwa sauti yake ya upole. Si kama mtu anayetubu, wala si kama mtu anayetamba. Aliyasimulia kama mkulima aelezavyo jembe lipi linafaa udongo upi.

Twaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Kipo kitabu cha Kiingereza kiitwacho A Clockwork Orange, kilichoandikwa na Anthony Burgess na kutolewa mwaka 1962. Mwandishi huyo alizaliwa Manchester katika jamaa ya Kikatoliki. Kitabu chake ni hadithi ya kubuni ya nchi iliyoharibika katika siku zijazo, ambamo kijana wa umri wa miaka kumi na mitano, pamoja na genge lake, hupiga watu, huiba na kuua kwa kujifurahisha. Serikali humkamata, na badala ya kumfundisha, humtia dawa na kumwonyesha picha za ukatili mpaka mwili wake unaugua kila afikiripo kumpiga mtu. Basi hapigi tena. Lakini padre wa gereza katika hadithi hiyo aona shida: mtu asiyeweza kuchagua mabaya hakuchagua mema pia, na amekuwa kama saa iliyotiwa ufunguo. Kitabu kina sura 21. Katika ile ya mwisho kijana, akiwa amekwisha kurudishiwa uhuru wake, achoka tu na ukatili, aanza kutamani mke na mtoto, amekua. Watu wa Marekani walipokitoa kitabu hicho waliiacha sura hiyo ya mwisho, na filamu iliyotengenezwa mwaka 1971 iliiacha pia. Yaonekana waliona si kweli kwamba mtu mbaya aweza kukua hivyo hivyo tu akawa mwema.

Sisi twadhani Burgess alisema kweli, ila alisema nusu. Kijana hukua, na ukatili wa damu moto hupoa. Mirambo ni shahidi. Lakini kupoa kwa damu ni jambo moja, na kuona uovu wa yale uliyoyatenda ni jambo jingine. Yule kijana wa kitabuni alipochoka aliwaacha wengine barabarani waendelee, na alijua kwamba mwanawe naye angefanya yale yale. Mirambo alipotulia hakuwaacha vijana wake waende zao. Aliendelea kuwatafuta wapya.

Haki yatutaka tuseme mema yake, nayo si machache. Baada ya mwaka 1876 alitaka njia ziwe salama na biashara ipite kwake. Misafara ikapita katika nchi yake bila kuporwa. Mwaka 1879 alimkaribisha daktari wa misheni ya Kiprotestanti kutoka London, Ebenezer Southon, akampa mahali pa kujenga Urambo, na daktari huyo akakaa kwa amani hadi alipofariki mwaka 1882 kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mirambo alimheshimu, akazungumza naye mara nyingi, akajifunza habari za nchi za nje. Alikuwa mtu wa akili nyingi, na miongoni mwa watemi wa wakati wake hatumwoni aliyeelewa upesi kama yeye kwamba mambo ya dunia yanabadilika. Walakini kila kiangazi jeshi lake lilitoka tena kwenda vitani, mpaka mwaka wa kufa kwake. Nchi aliyoijenga kwa rugaruga ilikuwa lazima iwalishe rugaruga, na wao hawakujua kulima.

Mwaka 1880 jeshi hilo lilishuka upande wetu.

Wasomaji wa Ufipa na Katavi waijua Mpimbwe, kule bondeni, upande wa kaskazini wa Ziwa Rukwa. Mwezi wa Juni mwaka huo walikuwapo huko Wazungu wawili, Kapteni Carter na mwenzake Cadenhead, watumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Carter ndiye aliyeleta tembo wanne wa kufugwa kutoka India mwaka 1879, kujaribu kama wanaweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, mwezi wa Desemba, naye akafa muda si mrefu. Sasa Carter alikuwa njiani kurudi pwani, amepumzika katika kijiji cha Mpimbwe na wapagazi wake. Jeshi la Mirambo, pamoja na lile la Simba, mtawala mwingine wa vita wa sehemu hizo, likakizunguka kijiji na kukiangusha. Wazungu wale wawili waliuawa, na wapagazi wengi pamoja nao, na wenyeji.

Mirambo alihuzunika, au alisema amehuzunika. Alijitetea kwamba hakukusudia kuwaua wageni. Twaweza kusadiki hivyo, maana hakuna jambo lililomharibia zaidi. Balozi wa Uingereza huko Unguja, Sir John Kirk, ambaye mpaka hapo alikuwa akitafuta urafiki wake, alimgeuzia kisogo. Mipango yote ya Mirambo ya kupatana na mataifa ya nje ilivunjika asubuhi moja pale Mpimbwe, na iliyoivunja ni mikono ya vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha wasiulize nani yumo ndani ya boma. Katika vitabu vya Kizungu jambo hili huandikwa kama msiba wa Wazungu wawili. Kwa watu wa Mpimbwe lilikuwa ni kijiji kizima.

Mwaka ule ule wa 1880 mgeni mwingine alipita huku juu, katika nyanda za Ufipa. Alikuwa Joseph Thomson, Mskoti, kijana wa miaka ishirini na miwili tu. Wakati huo Mwene Kapufi alikuwa akitawala Nkansi. Thomson aliona watu wa nchi hii wamejitoa kwa kilimo kuliko watu wowote aliokwisha kuwaona, wanaume kwa wanawake, tena wakifuma nguo zao wenyewe. Wafipa wa siku hizo walikuwa pia wafua chuma hodari, wenye tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yaonekana katika mashamba yetu. Na mashamba yenyewe yalilimwa kwa vile vilima vya majani tuviitavyo intumba, ambavyo haviwezi kufanywa na mtu asiye na subira.

Hatusemi kwamba babu zetu walikuwa malaika. Nkansi na Lyangalile zilipigana zenyewe kwa zenyewe kabla ya hapo, na watumwa walipita katika nchi hii. Twasema tu kwamba kutoka Mpimbwe hadi hapa ni safari ya siku chache kwa miguu, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wa umri mmoja. Wangoni walipita kwetu kabla ya kufika kwao. Huku kijana alipewa jembe na mfua, akawa na baba wa kumwonyesha na mzee wa kumkemea. Kule alipewa gobori na kitambaa chekundu. Katika jambo hilo hakuna fumbo la damu wala la kabila.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa ugonjwa wa koo, baada ya kuugua siku nyingi, akiwa na miaka arobaini na kitu. Ndugu yake Mpandashalo alishika mahali pake, lakini rugaruga walimtii Mirambo, hawakuutii utawala. Mpandashalo aliuawa vitani mwaka 1890, na katika muda wa miaka michache nchi ile kubwa ilirudi kuwa vijiji. Kilichojengwa kwa miaka ishirini na mitano hakikudumu hata kumi.

Vijana wake wakawa wapi? Hilo ndilo swali ambalo vitabu vya mashujaa havina nafasi nalo. Wapo waliojitwika mizigo wakashuka pwani kama baba zao. Wapo waliooa wakalima, na bila shaka walikuwa wazee wapole, wenye kusimulia mambo kwa wajukuu na kuacha mengine. Wengine walibaki na kazi waliyoijua. Magenge yenye bunduki yalitangatanga magharibi yote ya nchi katika miaka hiyo, na Ufipa ya kusini nayo ilionja. Wazee wa Lyangalile walilijua jina la Kimalaunga, aliyekaa juu ya nchi yao kwa nguvu za watu wa namna hiyo hiyo, mpaka Wajerumani wakiongozwa na Hermann von Wissmann walipompiga mwaka 1893. Wajerumani hawakuwafuta rugaruga. Waliwaajiri. Katika vita vya Maji Maji, miaka ya 1905 hadi 1907, na tena katika vita vikuu vya 1914 hadi 1918, vikosi vya rugaruga vilitembea pamoja na askari wa serikali ya Kijerumani, vikichoma vijiji na kutwaa vyakula. Watu wapya, kazi ya zamani, na jina lile lile. Mirambo alikuwa amekwisha kufa miaka thelathini.

Tulirudi Mollo tukamsimulia mama yule habari zote hizi, tukianza na Mapupo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na mahindi. Alikubali kwamba Mirambo alikua, na kwamba kukua kwake kulikuwa kweli. Kisha akataka kujua juu ya wale kumi na watano: walikuwa wa kabila gani, na mama zao walikuwa wapi siku ile. Tukamwambia kwamba Stanley aliandika hesabu yao na rangi ya kitambaa, lakini majina yao hakuyaandika.